Shoka Lililolegea Mpini

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyosomwa redioni. Yamechapwa hapa kwa ajili ya wale walioomba kuyasoma tena.)

Tunawasalimu nyote: ninyi mlio majumbani, ninyi mlio njiani kwenda kazini, na wewe mama uliyeinama jikoni sasa hivi ukipuliza moto ili watoto wapate chai kabla ya kwenda shule. Mazungumzo yetu ya leo yatakuwa karibu sana nawe, maana tunataka kuzungumza juu ya kuni.

Sisi tunakaa Illasit, mpakani kabisa. Ukitoka Emali ukashika barabara ya kwenda kusini, ukapita Kimana na Loitokitok, utafika kwetu. Ukiendelea mbele kidogo utajikuta Tarakea, upande wa Tanzania. Na mahali popote utakaposimama hapa kwetu, mlima utakuwa unakutazama. Wamaasai waliuita Oldoinyo Oibor, yaani Mlima Mweupe, kwa sababu ya theluji iliyo juu ya kilele cha Kibo, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Mmisionari Johannes Rebmann alipoiona theluji hiyo mwaka 1848 akaandika habari zake, wako wataalamu huko Ulaya waliokataa kusadiki. Walisema haiwezekani theluji kukaa karibu na ikweta. Lakini watoto wa huku waliiona kila asubuhi mawingu yalipofunguka, wala hawakuhitaji kubishana na mtu.

Theluji yenyewe haituangukii sisi tulio chini. Lakini baridi yake twaijua. Mwezi wa Julai ukungu hushuka kutoka mlimani ukatanda mpaka saa nne, manyunyu huanguka, na wazee hukaa wamejifunika mablanketi mpaka masikioni. Wakati huo ndipo mtu hujua thamani ya ukuni mmoja mkavu.

Kijana mmoja wa kwetu alikwenda kusoma nchi ya Norway, ambako theluji hufunika mashamba na barabara kwa miezi mingi. Aliporudi kututembelea tulimwuliza watu wa huko wanaishije na baridi hiyo. Akatuambia kwamba wengi wao wana jiko la kuni nyumbani, hata wale wenye umeme. Lakini jambo lililomshangaza ni wakati wao wa kushughulika na kuni. Hawangoji baridi ije. Hukata magogo mwisho wa majira ya baridi, huyachanja mapema, wakazipanga kuni mahali penye upepo, nazo hukauka majira yote ya joto. Kuni za mwaka huu zilichanjwa mwaka jana, au mapema mwaka huu kabla ya jua kali. Mtu anayenunua magogo mabichi theluji ikiwa tayari mlangoni, majirani humwonea huruma.

Tulicheka tuliposikia hayo, maana tulijiona. Sisi hapa hununua kuni siku ile mvua inaponyesha.

Basi, ndugu msikilizaji, turuhusu tukusimulie habari iliyotupata sisi wenyewe nyumbani kwetu. Si habari ya kujisifu. Tuliificha kwa muda, na leo tunaitoa kwa sababu tunadhani iko nyumba nyingine inayoihitaji.

Ilikuwa mwezi wa Julai, na kuni zilikuwa zimetuishia. Gesi tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kupashia chai tu, na siku ya Jumamosi tulitarajia wageni wengi, watu wa harusi. Tukamwona mtu mwenye lori dogo lililojaa magogo ya mkaratusi na mgrevilea. Alisema ni makavu. Tukatazama miisho yake, tukaiona ina rangi ya kijivu, tukasema, naam, ni makavu. Tukalipa, yakashushwa, lori likaondoka.

Sasa tunajua tulichopaswa kufanya, na tutakueleza ili usipotee kama sisi. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake huweza kuwa maji. Ukinunua kilo mia za kuni mbichi, ujue umenunua na mtungi mkubwa wa maji ndani yake, na moto wako lazima uyachemshe maji hayo yote kwanza kabla haujachemsha ya kwako. Mwisho wa gogo hukauka upesi kwa sababu upepo na jua huugusa, lakini moyo wa gogo ukabaki umelowa, maana gome lake huyazuia maji yasitoke. Kwa hiyo usiamini rangi ya nje. Tazama kama mwisho wa gogo una nyufa zinazotoka katikati kama miale ya jua. Tazama kama gome linabanduka kwa mkono. Chukua vipande viwili uvigonganishe: vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa sauti nzito kama ya kitu kilicholowa. Tena, mwombe mwenye kuni akuchanjie gogo moja mbele ya macho yako, utie mkono ndani, usikie kama pana ubaridi na unyevu. Mwuzaji mwaminifu hatakasirika.

Pia pima mrundo wenyewe. Magogo yaliyotupwa ovyo ndani ya lori huonekana mengi, kumbe nafasi tupu ni nyingi. Yapangwe kwanza, ndipo mpatane bei. Mwisho, uliza yalikokatwa. Kama ni shambani mwa mtu aliyepanda miti yake, vema. Kama hakuna anayeweza kukuambia, wala karatasi ya kibali haipo, basi huenda ukuni huo umetoka katika msitu unaotunyeshea mvua sote. Maji ya chemchemi ya Nolturesh, yaliyo chini ya mlima huu, husafirishwa kwa mabomba mpaka Kajiado na Machakos. Anayekata msitu wa mlima kwa siri anapunguza maji katika mtungi wa mtu asiyemjua, aliye mbali sana.

Sisi hatukuuliza lolote katika hayo. Tulikuwa na haraka.

Kesho yake asubuhi akaja kijana mmoja kutoka ng'ambo, upande wa Rombo, akitafuta kibarua. Akasimama mlangoni kwa adabu, akasema, "Shikamooni." Tukaitika, "Marahaba." Akasema ameona magogo, naye anajua kuchanja. Tukapatana shilingi mia tano kwa siku, pamoja na chakula cha mchana. Tukamletea shoka letu.

Hapa ndipo penyewe, wapenzi wasikilizaji. Shoka lile mpini wake ulikuwa umelegea. Na sisi tulijua. Tulijua tangu mwezi wa Aprili. Kila mara lilipocheza tulilitia ndani ya ndoo ya maji usiku kucha, mpini ukavimba, chuma kikabana, tukaendelea na kazi. Watu wengi hufanya hivyo. Lakini mtu ye yote anayejua kazi ya mbao atakuambia kwamba dawa hiyo ni ya siku moja. Mti unapovimba ndani ya tundu la chuma hauna pa kwenda, kwa hiyo nyuzi zake husongwa na kupondeka. Maji yanapokauka, mpini hunywea ukawa mwembamba kuliko ulivyokuwa mwanzo. Kila ulowekapo shoka lililolegea, unalifanya lilegee zaidi wiki ijayo. Usiku ule tulililoweka tena. Hatukumwambia yule kijana neno.

Akafanya kazi vizuri sana. Aliweka gogo pana chini liwe kitako, akasimamisha pingili juu yake. Hakupiga katikati kama wafanyavyo wasiojua. Alisoma nyufa, akaanza pembeni, akabandua banzi moja moja, na penye fundo aligeuza pingili ili fundo likae chini. Jua lilikuwa limetoka. Hatukufikiri kwamba jua hilohilo lililokuwa likitufurahisha lilikuwa likikausha mpini.

Kama saa sita, mtoto wa jirani yetu, mvulana wa miaka sita hivi, alikuja na kikapu kuokota mabanzi ya kuwashia moto. Mama yake ni Mmaasai, mtu wa kujitegemea, asiyependa kuomba. Lakini mabanzi tulikuwa tumemwambia ayachukue siku zote. Mtoto akainama upande wa nyuma ya kijana. Kijana akainua shoka. Na lilipokuwa juu, kichwa chake kikachomoka.

Tulisikia sauti ya kitu kikipita, kisha kishindo. Kile chuma kilikuwa kimeingia katika ubao wa ukuta wa jiko, kimo cha kichwa cha mtoto. Yeye alikuwa ameinama kuokota banzi. Kama angalikuwa amesimama, leo tusingekuwa tukizungumza nanyi habari hizi kwa sauti hii.

Mtoto aliangusha kikapu akakimbia kwao. Kijana alibaki ameshika mpini mtupu, mikono ikimtetemeka.

Nasi tulifanya nini? Tulimkaripia. Tulimwambia hajui kazi, anapiga kwa nguvu bila akili, nusura aue mtoto wa watu mbele ya mlango wetu. Tukamwambia aende. Tena tukamkata shilingi mia mbili, tukisema ni za ubao uliopasuka. Hakujibu. Alizipokea zile mia tatu kwa mikono miwili, akasema, "Asanteni," akashika njia ya kwenda Tarakea.

Jioni tukawasha moto. Na zile kuni tulizozinunua zikafichua siri yake. Zilitoa povu kwenye miisho, zikalia sii, sii, na moshi ukajaa nyumba yote. Tulipuliza mpaka machozi yakatutoka. Moshi wa namna hiyo si usumbufu tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka katika moto wa kupikia, na kati yao walikuwamo watoto wengi wa chini ya miaka mitano. Kuni mbichi ndizo zenye moshi mwingi kuliko zote. Tukafungua mlango baridi iingie, kwa sababu baridi ilikuwa afadhali.

Tukakaa pale, macho yakiwasha, tukafungua Biblia kama ilivyo desturi yetu. Tulitafuta mahali tulipokumbuka pana habari ya shoka. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, Musa anatoa mfano wa mtu aliyekwenda msituni na jirani yake kukata mti, naye anapotupa shoka, chuma kinatoka katika mpini, kinampiga jirani, naye anakufa. Mtu huyo hakumchukia mwenziwe. Basi torati inamruhusu kukimbilia mmoja wa miji ya makimbilio, apate kuishi.

Tulifurahi tuliposoma. Tukasema, tazama, hata Musa alijua kwamba mashoka huchomoka. Ni bahati mbaya. Hakuna wa kulaumiwa.

Lakini Neno la Mungu halikutuacha tulale na faraja ile. Ikatujia akilini sheria nyingine, iliyo katika Kutoka, sura ya 21, habari ya ng'ombe apigaye watu kwa pembe. Kama mwenye ng'ombe hakujua tabia yake, mwenyewe haachiliwi mikononi mwa adhabu, bali huwa huru. Lakini kama ng'ombe alikuwa na desturi ya kupiga, na mwenyewe ameonywa, asimfunge, basi damu ile imo juu yake mwenye ng'ombe. Ndugu zetu, tukanyamaza. Maana shoka letu halikuwa shoka la Kumbukumbu la Torati. Lilikuwa ng'ombe wa Kutoka. Tulikuwa tumeonywa tangu Aprili, kila lilipocheza mkononi mwetu, nasi tulilitia majini.

Yule kijana ndiye aliyekuwa mtu wa Musa: mtu asiyejua, asiyechukia, aliyekuwa akifanya kazi yake. Yeye ndiye aliyestahili makimbilio. Na badala ya kumfungulia lango tulimfukuza, tukamtwika kosa letu, tukachukua na shilingi zake mia mbili.

Msikilizaji, huenda wewe unasema, "Hayo ni mambo madogo. Mtoto hakuumia." Ni kweli, na twamshukuru Mungu. Lakini fikiri jambo hili: ni mara ngapi mwenye nguvu hutoa chombo kibovu, na maskini akalaumiwa kinapovunjika? Tajiri hutoa gari lenye breki mbovu, na dereva akafungwa. Msimamizi hutoa ngazi iliyooza, na mpaka rangi akaambiwa hakuwa mwangalifu. Mzazi humtuma mtoto kubeba mtungi unaomshinda, ukivunjika, fimbo. Wahenga walisema kwamba shoka lisilo mpini halichanji kuni. Nasi tunaongeza: shoka lenye mpini uliolegea huchanja, lakini hujui litachanja nini.

Kesho yake tuliondoka mapema. Ukungu ulikuwa haujainuka. Tulivuka mpaka tukauliza-uliza pale Tarakea, mahali vijana wanapokaa wakingoja vibarua, na saa mbili tukampata. Alipotuona alisimama, na tuliona hofu machoni pake. Alidhani tumekuja na mashtaka.

Tukamwambia mbele ya wenzake, maana tulikuwa tumemwaibisha na yeye hakuwa na mtu wa kumtetea. Tukasema, "Mwanetu, shoka lilikuwa bovu, na sisi tulijua. Kosa si lako. Tumekuja kuomba msamaha, na hizi ni pesa zako."

Akazitazama zile pesa kidogo. Kisha akasema neno ambalo hatutalisahau. Akasema, "Mzee, mimi nililiona limelegea tangu asubuhi. Niliogopa kusema, nisije nikakosa kazi."

Hapo tukafahamu kwamba dhambi yetu ilikuwa kubwa kuliko tulivyodhani. Nyumba yetu ilikuwa nyumba ambayo kibarua huogopa kusema kwamba shoka limelegea.

Tulirudi naye. Lakini kabla ya kuingia kwetu tulipita kwa jirani. Tulimkuta mama yule ameketi nje ya mlango akisafisha kibuyu cha maziwa kwa kaa la oloirien, yaani mzeituni wa mwituni, kama wafanyavyo mama wa Kimaasai. Tulimsalimu, akaitika. Tukamweleza yote bila kupunguza: habari ya Aprili, habari ya ndoo, na jinsi tulivyomlaumu kijana. Yeye aliendelea na kibuyu chake mpaka tulipomaliza. Kisha akasema, "Mtoto aliniambia jana. Nilikuwa nangoja nione kama mtakuja."

Basi. Hakusema zaidi. Akaingia ndani, akarudi na chai ya maziwa, akatupa sisi, akampa na yule kijana, kikombe kwa kikombe.

Wapenzi, tumewaza sana juu ya maneno yale. Alikuwa akingoja. Je, kama tusingekwenda? Angeendelea kutusalimu, bila shaka, na mtoto angeendelea kuokota mabanzi. Lakini kati ya nyumba zetu mbili pangekuwa na kitu kama yale magogo ya lori, kijivu na kikavu kwa nje, na maji ndani. Mafarakano mengi katika makanisa yetu na katika jamaa zetu ni ya namna hiyo. Watu hawapigani. Wanasalimiana, wanakaa katika benchi moja. Ila siku moto unapowashwa, ndipo moshi unapotokea, tukashangaa umetoka wapi.

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 20, tunasoma jinsi mtu alivyopaswa kuingia katika mji wa makimbilio. Hakuingia kwa kujificha usiku. Alisimama penye lango la mji, akaeleza habari yake masikioni mwa wazee, ndipo wakampokea na kumpa mahali. Makimbilio yalikuwapo, tena yalikuwa karibu, lakini mlango wake ulikuwa ni kusema kweli. Sisi tunaomwamini Kristo twasema yeye ni kimbilio letu, na ndivyo alivyo. Lakini wengi wetu twataka kuingia kwa dirisha. Twataka kusamehewa bila kusimama langoni. Twaloweka shoka usiku, asubuhi likabana, tukasema, limepona.

Toba ya namna hiyo, ndugu, ni ndoo ya maji. Hubana kwa siku moja. Mtu aliyekosa na mkewe huleta zawadi, asiseme neno juu ya kosa. Mtu aliyedhulumu shamba hutoa sadaka kubwa siku ya mavuno. Mtu aliyemwaibisha mwenziwe barazani humsifu faraghani. Jua likiwaka, mpini hunywea, na safari hii hulegea kuliko kwanza.

Je, shoka lililolegea hutengenezwaje? Mzee mmoja fundi, wa hapa kwetu, alitufundisha. Kwanza, toa mpini wa zamani wote, hata kile kipande kilichobaki ndani ya tundu. Usiupigilie misumari. Pili, tafuta mti mgumu uliokwisha kukauka, kama huo mzeituni wa mwituni. Ukitumia mti mbichi utanywea ndani ya mwezi, na kazi yako ni bure. Tatu, uchonge polepole ukipima mara nyingi, mpaka uingie kwa kugongwa wala si kwa kuteleza. Nne, pasua kidogo ncha yake ya juu, upigilie kabari, ili mti utanuke juu ya tundu na chuma kisipate njia ya kutoka. Kazi hiyo ilituchukua nusu ya siku. Kwa ajili ya nusu siku hiyo, tuliyoikwepa miezi mitatu, nusura tumzike mtoto.

Na zile kuni mbichi? Yule kijana alizichanja zote kwa shoka jipya, siku mbili, kwa malipo kamili. Tulimwuliza kila asubuhi, "Shoka likoje?" naye alijifunza kutujibu. Mkaratusi, tuligundua, huchanjika vizuri zaidi ukiwa bado mbichi. Ukikauka hukaza kama mfupa. Tukazipanga juu ya fito ili zisiguse ardhi, vipande vikiwa vyembamba, pande zilizopasuliwa zikielekea upepo, na juu tukaweka bati huku pembeni pakiwa wazi. Tukaziacha. Kwa ile harusi tulinunua kuni kavu kwingine, kwa bei kubwa, na hiyo ilikuwa adhabu yetu ya haki. Tulipozitumia kuni zetu mwaka uliofuata, ziliwaka bila kupulizwa. Gogo lilelile, mti uleule. Kilichobadilika ni kwamba lilipasuliwa, likafunuliwa, likapewa muda.

Labda hivyo ndivyo Mungu anavyotutendea sisi. Gogo lisilopasuliwa huchukua miaka kukauka, na mara nyingine huoza kabla ya kukauka. Siku ile kule Tarakea tulijiona kama pingili iliyopasuliwa mbele za watu, wala haikuwa raha. Lakini upepo uliingia.

Tumepanda pia miche ya mgrevilea kwenye mpaka wa shamba, na kila lori la kuni tunalonunua sasa tunauliza limetoka wapi. Theluji ya mlima wetu imepungua sana. Wataalamu walioipima waliona kwamba kati ya mwaka 1912 na mwanzoni mwa karne hii zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kibo ilikuwa imekwisha. Miche yetu kumi na miwili haitairudisha. Lakini mtu atumiaye moto kila siku yampasa apande, kama vile alaye yampasa alime.

Basi, ndugu msikilizaji, kabla hatujaagana tunakuuliza neno moja, ulichukue uende nalo kazini leo. Shoka lako lililolegea ni lipi? Ni jambo gani ambalo limekuwa likicheza mkononi mwako tangu Aprili, nawe kila jioni unalitia ndani ya ndoo? Na ni nani anayelishika kwa niaba yako, akiogopa kukuambia? Usingoje lichomoke. Na kama limekwisha kuchomoka, na yuko mtu aliyebeba lawama yako, inuka asubuhi hii, vuka mpaka, umtafute. Huenda yuko mwingine ameketi mlangoni pake, akisafisha kibuyu, akingoja aone kama utakuja.

Tuombe. Ee Bwana uliye kimbilio letu, tupe ujasiri wa kusimama langoni na kusema kweli. Walinde watoto waokotao mabanzi, na vijana wanaofanya kazi kwa vyombo vya wengine. Zifanye nyumba zetu ziwe nyumba ambazo mdogo aweza kusema bila hofu. Amina.

Tunawatakia siku njema, na moto usio na moshi. Kwaherini.